Mtoto Asiyelia

Huko alikotoka Mama Mikate, unga haukuhitaji kubembelezwa. Unaukanda, unaufunika kitambaa, unageuka kuosha bakuli, ukirudi unakuta umeumuka mpaka unachungulia nje ya sufuria kama mbea dirishani. Joto la kule lilimfanyia nusu ya kazi na wala halikudai ahsante. Na watu wa mji ule walikuwa vivyo hivyo, hawangoji kuitwa. Ukihamia asubuhi, ikifika mchana wameshajua umetoka wapi, umezaa wangapi, na kama mumeo anakoroma. Jioni wameshagombana na mwenye nyumba kwa niaba yako, na hujawatuma.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji, na kila mtu alimwita Fundi, hata wanawe. Mtu mpole, mchache wa maneno. Ukimwuliza swali refu anakujibu "ndiyo," na siku akichangamka sana anakujibu "ndiyo, mama." Wakubwa wake waliona mitambo ya milimani imechoka na inataka mkono wake, wakamhamisha. Watoto walikuwa wameshajitegemea, kila mmoja na kwake. Mama Mikate akasema yeye hawezi kubaki anatazamana na kuta. Tanuri alilokuwa akiokea pamoja na mdogo wake tangu mama yao alipofariki akamwachia huyo mdogo mtu, akamwambia, "Nishikie nafasi yangu. Nikishindwa, narudi." Akafunga virago, akamfuata mumewe.

Huko juu, jamani, kulikuwa na baridi! Si ile ya kujifunika shuka ukapata usingizi mtamu. Hii ilikuwa baridi mwenyeji. Inaamka kabla yako, inakaa sakafuni kungoja nyayo zako, na saa nne asubuhi, wakati jua la kwao Mama Mikate lingekuwa limeshawafukuza mbwa barabarani, ukungu wa huku bado umelala juu ya paa na hauna habari.

Walipata chumba na sebule katika nyumba ya kupanga, vyumba vimezunguka uwanja, bomba moja katikati. Mkono wa kulia aliishi Dobi, mwanamume mnene mwenye redio kubwa na pasi mbili za mkaa, ambaye chumba chake cha mbele kilining'inia mashati ya watu mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto aliishi Mama Pacha, na pacha wake wawili walikuwa na sauti za kuwatosha watoto kumi. Kwenye kona alikaa Bibi, mama mtu mzima mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, ambaye alimsema ng'ombe huyo kutwa kucha kama anamsema mkwe.

Siku za mwanzo uwanja ulichemka. Redio inaimba, pacha wanapigana, Mama Pacha anacheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni, Bibi anamwambia ng'ombe kwamba hana adabu. Mama Mikate alifurahi. Akasema moyoni, ahaa, hapa pana watu. Kitu kimoja tu kilimshangaza: hakuna aliyemwuliza kitu. Habari za asubuhi? Nzuri. Karibu sana. Ahsante. Basi! Majibu yake yote ameyaandaa, ya wanawe, ya safari, ya mgongo wake, na hakuna mnunuzi. Alikaa nayo kama mtu aliyepika chungu kizima na wageni wakapita njia nyingine.

Fundi, kwa upande wake, hata virago havijafunguliwa vyote, alitafuta pipa, akalikata, akalitia mlango na bawaba na sehemu ya mkaa, akalisimamisha kwenye kibaraza cha nyuma. Tanuri. Hakusema neno, alifuta mikono akaenda kuoga. Mama Mikate akalizunguka, akalipiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akaridhika.

Kesho yake akakanda unga. Akaufunika, akaosha bakuli, akarudi. Unga umelala vilevile. Akafagia, akarudi. Umelala. Akapika chai, akanywa, akawaza habari za watu wote anaowajua, akarudi akauchoma kidole. Shimo la kidole likabaki pale pale likimtazama. Akaoka hivyo hivyo kwa hasira, na kilichotoka ungeweza kukitegeshea gari matairini.

Fundi alirudi jioni akakichovya kwenye chai. Akatafuna. Taya zikafanya kazi ya siku nzima.

"Mkate mzuri," akasema.

"Mzuri nini, Baba? Huoni jino lako linavyohangaika?"

"Mzuri, mama."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Aliongeza hamira, mkate ukanuka hamira. Aliuweka unga juani, jua lenyewe likaja kuchungulia likaondoka. Akaja na akili ya kitanda: Fundi akitoka alfajiri, yeye analaza sufuria palepale alipotoka mume, anaifunika mablanketi mawili, anaiwekea na mto pembeni. Ilisaidia kidogo, lakini kitanda bila mtu hupoa upesi. Ndipo siku moja, akiwa amesimama katikati ya chumba anatetemeka, akagundua kwamba katika nyumba nzima ile kitu chenye moto ni kimoja tu, na ni yeye mwenyewe.

Akalichukua donge la unga, akalifunga kwenye kitambaa kilichonyunyizwa unga, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake taulo. Akainama, akaliweka mgongoni, akalifunga kwa mbeleko kifuani, fundo likakaa lenyewe. Alikuwa amebeba wanne kwa namna hiyo; mgongo haukuwa umesahau. Juu kabisa akajitupia shali ili baridi isipenye. Akatoka uwanjani na ndoo yake kwenda bombani.

Sasa mwanamke aliyelea watoto wanne, mwekee kitu chenye uzito mgongoni uone. Hajui, lakini kiuno kinaanza kuyumba chenyewe. Mkono unakwenda nyuma unapigapiga taratibu. Akiinama kuchota maji anainama kwa adabu ili asimwage mtu. Mama Mikate alichota maji, akafagia mlangoni pake, akaosha vyombo, huku akiyumba na kupigapiga na kuimba puani, na kichwani mwake hakuna kingine ila hamira.

Na unga, haki ya nani, ukaumuka. Si kama wa kwao, lakini ulikuwa umeanza kufikiria. Akaendelea hivyo kila siku.

Lakini jambo moja likiponya, lingine linaugua. Uwanja ulinyamaza.

Mwanzoni hakutilia maanani. Halafu akaona kwamba kila akitokeza mlangoni, Dobi ananyoosha mkono anaizima redio. Si kwamba anaipunguza, anaizima. Akaona Mama Pacha, katikati ya kicheko, anamwona na kukimeza kile kicheko kama dawa chungu, kisha anawavuta pacha ndani kwa masikio, kidole mdomoni. Hata Bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza, siku hizi alikuwa anamsema ng'ombe kwa kunong'ona. Wanamsalimu, ndiyo. Wanamsalimu kwa sauti za chini na macho ya huruma, halafu wanatazama pembeni. Akiingia ndani, nyuma yake anasikia minong'ono.

"Wananisengenya," alimwambia Fundi.

"Hapana."

"Hapana nini? Mimi ni mtoto? Kabla sijatoka ni kelele, nikitoka ni msibani. Nimewafanyia nini watu hawa? Ni moshi wa tanuri? Si waseme! Kwetu mtu akiudhiwa na moshi wako anakuja kukuambia, mnagombana, mnakula, yamekwisha."

Fundi alikuna kichwa.

Asubuhi moja akakuta chupa ya maziwa mabichi mlangoni pake. Yamekamuliwa sasa hivi, povu bado liko juu. Akatazama huku na huku, hakuna mtu. Akajua kuna aliyeisahau. Akaichukua akaiweka bombani ili mwenyewe aione. Kesho yake ikawepo tena, akairudisha tena bombani, sasa kwa kuudhika kidogo: watu wa hapa hata chupa zao hawazijui? Na kutoka dirishani akamwona Bibi anakuja kuichukua ile chupa taratibu, anaitazama, anatazama mlango wake, anatikisa kichwa. Mama Mikate akasema, haya, hata mama wa watu nimemkosea.

Nisikufiche, alilia. Si sana, machozi ya kupanguswa na kiwiko kwa sababu vidole vina unga. Njaa unaweza kuizoea, baridi unaweza kuizoea, lakini kunyamaziwa kila siku na watu unaochota nao maji bomba moja, hilo huzoei. Alijiona anapungua.

Katikati ya hayo mdogo wake akapiga simu.

"Dada, mgongo umenikataa," akasema, bila salamu, kama kawaida ya kwao. "Peke yangu siwezi tena. Binti wa muuza unga anataka kuingia pale pako. Ana mikono mizuri, lakini akiingia ameingia, siwezi kuja kumtoa. Niambie Jumapili. Unarudi au nimpe?"

"Jumapili hii?"

"Hii. Halafu mbona sauti yako imekuwa ndogo? Umekonda? Huyo shemeji anakula nini? Majirani wakoje? Si unajua mkataa kwao mtumwa, dada. Rudi nyumbani."

Maswali mengi kwa mkupuo mmoja! Mama Mikate alisikia raha mpaka akakaa chini.

Jioni akamweleza Fundi. Yeye hawezi kuacha kazi, hilo wote wawili walilijua. Miaka michache imebaki apumzike, na mitambo ya milimani ni yake sasa. Akirudi mke, basi watakuwa watu wa likizo na simu. Alimweleza yote, kisha akangoja. Fundi alikizungusha kikombe chake.

"Amua wewe, mama," akasema. "Nisikufunge."

Basi. Akainuka akaenda kutengeneza bawaba ya mlango wa tanuri, ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Neno lile lilimchoma. Alitaka aambiwe nini? Hata yeye hakujua. Lakini mwanamke uliyekaa naye miaka yote hiyo, anakuambia huenda akaondoka, nawe unamwambia aamue kana kwamba anachagua mchicha! Alilala akiutazama ukuta. Ijumaa, Fundi alipokwenda kazini, akaanza kufunga mizigo.

Jumamosi asubuhi mizigo ilikuwa imejaa kila mahali. Mashuka kwenye meza, sufuria kwenye meza, masanduku mlangoni. Unga uliobaki hakutaka kuutupa, kuutupa unga ni laana, akaukanda wote kwa mara ya mwisho. Donge kubwa, kubwa kuliko siku zote. Akalifunga, akalibeba, akavaa shali lake. Na kwa kuwa aliona hana la kupoteza, akatoka nalo akakaa uwanjani kabisa, pale ukungu ulipokuwa umeanza kuachia jua, akasuuza vyombo vya mwisho polepole. Dobi akazima redio. Pacha wakavutwa ndani. Mama Mikate hakujali tena, akaendelea kuyumba na kupigapiga.

Alipohisi mgongoni kwamba limejaa sawasawa, akaondoka kwenda kulikanda mara ya pili. Akafika ndani: meza haipo, yaani ipo lakini imezikwa. Kila siku alilifungulia ndani, mlango umefungwa, baridi isiingie. Leo hakuna pa kuwekea hata kijiko. Akapumua kwa nguvu, akaiburura meza ndogo ya kukatia mboga mpaka nje, akaiweka katikati ya uwanja, juani. Akafungua fundo la mbeleko. Akauzungusha mzigo mbele, akaulaza mezani juu ya taulo lake, taratibu, kama alivyozoea.

Kisha akakunja mikono ya gauni, akainua ngumi, akaishusha. Pu!

Mama Pacha alipiga ukelele ambao nadhani kule kwao mdogo mtu aliusikia. "Anamuua! Jamani anamuua!"

Ngumi ya pili ilikuwa imeshashuka. Dobi akatoka kwa kishindo, shati la mtu begani, pasi yenye moto mkononi, akakanyaga ndoo, ndoo ikaenda na maji yake. "Mama! Acha! Mwache mtoto!" Bibi naye akatokea nyuma ya nyumba mikono ina maziwa, akakimbia mbio ambazo kwa umri wake hakustahili kukimbia, akaudaka mkono wa Mama Mikate ungali hewani.

"Mwanangu," akasema akihema, "mwanangu, najua umechoka. Nipe mimi. Nipe nimshike kidogo."

Mama Mikate alimtazama Bibi. Akamtazama Dobi na pasi yake. Akamtazama Mama Pacha, aliyefunika uso kwa mikono yote miwili na kuacha upenyo wa kuonea.

"Nikupe nani?" akauliza.

Ndipo wote wakainamisha macho mezani. Taulo lilikuwa limefunguka. Pale palikuwa pamelala donge jeupe, lenye alama mbili za ngumi, ambalo mbele ya macho yao lilitoa pumzi, pfff, na kuketi chini.

Ng'ombe tu ndiye aliyekohoa.

"Unga," akasema Dobi.

"Unga," akasema Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa inapanda.

"Sasa mlidhani nini?" akauliza Mama Mikate, na hapo hapo, kabla hajajibiwa, akaiona mbeleko iliyoning'inia mkononi mwake, na taulo, na shali, akajiona alivyokuwa akizunguka uwanja ule kila siku anayumba na kuimba puani. "Mungu wangu," akasema.

Kicheko cha Mama Pacha kilichokuwa kimemezwa siku zote zile kilitoka chote kwa pamoja. Alikaa chini kwenye maji ya ndoo bila kujali. Dobi alicheka mpaka ikabidi Bibi amnyang'anye ile pasi asije akajichoma. Pacha walitoka ndani, wakaona watu wazima wamechanganyikiwa, wakaanza kupiga kelele nao kwa kujifariji.

"Tulijua ni mjukuu," Mama Pacha alieleza alipoweza kueleza. "Tulijua binti yako amekuletea, anaumwa. Maana halii! Mtoto hata siku moja halii, hatolewi juani, hafunguliwi uso. Tukasema huyo ni mgonjwa wa kweli."

"Mimi ndiye niliyeogopa zaidi," akasema Dobi, akifuta macho kwa shati la mteja. "Leo namwona amenenepa, kesho amekonda. Leo mkubwa, kesho kiduchu. Nikamwambia Bibi, mtoto huyu haponi. Redio nikaizima. Unajua kuna mechi ngapi zimenipita? Mechi, mama! Nilikuwa nasikiliza nimeiweka chini ya mto, naambulia kelele za mashabiki tu, sijui nani kafunga."

"Na mimi hawa mashetani wangu nimewafundisha kunong'ona," akasema Mama Pacha. "Mwalimu wao aliniita shuleni akaniuliza wana nini."

Mama Mikate alisikiliza. Yote yale. Redio ile, kidole kile mdomoni, macho yale ya kutazama pembeni. Alikuwa amelala akiyahesabu kama matusi.

"Na maziwa?" akamwuliza Bibi.

"Ya kwake," Bibi akajibu, akilionyesha donge kwa kidevu. "Ukawa unayarudisha. Nikasema huyu mama ana uchungu, hataki kusaidiwa bado, nitamngoja."

"Lakini si mngeniuliza!" Mama Mikate alipaza sauti, hasira na machozi vinagombania mlango mmoja. "Siku zote hizi! Neno moja tu: mgongoni una nini? Kuuliza si ujinga! Nimefunga mizigo yangu, jamani. Nimeifunga! Nilijua mnanichukia."

Bibi alipangusa mikono kwenye gauni lake bila haraka.

"Mimi nimewahi kuuguza mtoto, mwanangu," akasema. "Kila anayepita, anaendeleaje? Amekula? Mlimpeleka wapi? Wana nia njema, lakini kila swali ni mwiba, na mimi niwajibu wote huku namtazama anavyoisha. Tangu hapo, uwanja huu, mwenye mgonjwa hatumwulizi. Tunamtulizia kelele, tunamngoja aseme mwenyewe." Akamtazama. "Na wewe mbona hukuuliza kwa nini tumenyamaza?"

Mama Mikate akaanza kuikunja mbeleko. Mtoto wa mji wa maswali, na swali hilo moja hakuliuliza.

Dobi ndiye aliyeona kwamba donge linaanza kupoa. Alikuwa mtu wa vitendo. "Lete huku," akasema, "chumba changu mkaa hauzimiki mchana kutwa, mashati yanakauka kabla sijayatundika. Litajisikia kwao." Wakalibeba wote, kana kwamba ni mgonjwa kweli, Mama Pacha ameshika upande huu, Dobi upande ule, wakaliweka kwenye rafu juu ya pasi, katikati ya mashati. Redio ikawashwa kwa nguvu kama inalipiza kisasi. Hawakumaliza hata kusimuliana upya nani alipiga ukelele kwanza, na Dobi akaita kutoka ndani kwa hofu: "Mama! Njoo umchukue mtoto wako! Anapanda juu ya makwapa ya shati la meneja!"

Mikate ilitoka tanurini mchana. Haikuwa kama ya kwao, tusidanganyane. Ganda lilikuwa nene zaidi, na harufu yake ilikuwa na kitu fulani cha hapa, sijui ni hewa, sijui ni maji. Lakini ndani ilikuwa laini, na ukiibonyeza inarudi. Walikula uwanjani na maziwa ya Bibi, moto moto, wanaungua vidole na kulaumiana. Maswali sasa yakaja: mji gani, watoto wangapi, mgongo unauma wapi. Mama Mikate akayajibu yote kwa urefu, na mengine akajibu kabla hajaulizwa.

Fundi alirudi wakati huo. Jumamosi alitoka kazini mapema. Kutoka getini aliona uwanja umejaa watu wamemzunguka mke wake, wanacheka, wanamshika mabega, na nyuma yao mlango wa chumba uko wazi na masanduku yamefungwa kamba. Aliyasoma mambo kama mtu yeyote angeyasoma: wanaagana. Akaweka mfuko wake wa spana chini, taratibu. Akaja mpaka mbele ya mkewe, mafuta ya mashine yangali usoni. Watu wakanyamaza, wamezoea.

"Usiende," akasema.

Mama Mikate alishika mkate mkononi, hakujua afanye nao nini.

"Umesemaje?"

"Usiende. Nimesema." Akafuta mafuta usoni kwa kiganja. "Ile mikate ilikuwa mibaya, mama. Mibaya sana. Jino limelegea. Nilikuwa nasema mizuri ili usikate tamaa ukaondoka."

"Sasa kwa nini uliniambia niamue? Siku ile! Nilikaa nikingoja uniambie nibaki, ukaenda kuchezea bawaba!"

"Hukuniuliza kama nataka ubaki," akasema Fundi. "Uliniambia tu unaondoka."

Alitaka kumjibu. Alikuwa na majibu mengi, mengine makali na ya haki kabisa. Lakini Bibi alikuwa amesimama pale karibu, anachunguza mkate wake kwa makini kama mtu asiyesikia kitu, na Mama Mikate akajikuta anamega kipande na kumtilia mumewe mdomoni mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipokuwa vijana.

Alitafuna. Taya zake hazikupata kazi yoyote. Akafumba macho.

"Huu," akasema, na hakuongeza neno, na hakuhitajika kuongeza.

Hakungoja Jumapili. Alikwenda akakaa juu ya sanduku lililofungwa, akapiga simu. Nje redio ilikuwa inatangaza mechi na Dobi anamtukana refa.

"Dada!" mdogo wake akaitika. "Kelele gani hizo? Uko sokoni? Umeshaamua? Unapanda gari lini?"

"Mpe," akasema Mama Mikate.

Upande wa pili pakawa kimya. Hata mtoto wa mji ule kuna siku hana swali. Mama Mikate alisikia, nyuma ya kimya kile, mlango wa lile tanuri unafungwa. Angeujua mlio huo popote duniani. Alikuwa na furaha na alikuwa anaumia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Mwambie upande wa kushoto unaunguza," akasema. "Asingoje harufu. Ageuze mapema."